Wa Thelathini na Mbili

Parokia yetu ina kompyuta moja, na kwa miaka yote niliyokuwa karani hakuna mtu aliyeigusa bila idhini yangu, Padri akiwamo. Sisemi hivyo kwa majivuno. Au basi niseme ukweli: nasema kwa majivuno, maana ni majivuno hayo yaliyonifikisha pale nilipofika.

Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na daftari la ubatizo. Lilianzishwa na bruda mmoja mgeni ambaye alikuwa ameshakwenda zake kabla sijaajiriwa, akaacha nyuma programu aliyoitengeneza kwa mikono yake mwenyewe: skrini nyeusi, herufi za kijani, na kipanya hakina kazi. Ukitaka kumtafuta Mkristo unabonyeza F7 mara mbili, unaandika mwaka wa ubatizo, unangoja. Ukikosea inakurudisha mwanzo bila kukwambia kosa lako ni lipi. Wengine wakichungulia waliona giza tupu. Mimi nilimwona kila mtu aliyewahi kumwagiwa maji kati ya Malaba na Adungosi: jina la baba, jina la mama, mahali pa kuzaliwa, wasimamizi. Katika giza lile nilikuwa askofu.

Na kazi yenyewe haikuwa ndogo, kwa sababu huku mpakani mwa Kenya na Uganda barua ya ubatizo si karatasi ya kwendea mbinguni tu. Mtu wa Nyeri au Machakos akitaka kitambulisho cha taifa anajaza fomu, anapigwa picha, anakwenda nyumbani. Sisi huku tumezoea kuketishwa kwanza mbele ya kamati ya kuhakiki, chifu na wazee, tuulizwe babu alizikwa wapi na shamba letu linapakana na la nani. Mto ni mwembamba, na sura za watu wa ng'ambo ni hizi hizi zetu. Barua ya parokia husaidia sana mbele ya wazee hao. Kwa hiyo watu walikuja kwangu, wakavua kofia mlangoni, na mimi nikawaambia wangoje hata kama sikuwa na kazi.

Kisha ikaja barua ya jimbo. Parokia zote zihamie kwenye programu mpya, moja kwa nchi nzima, kabla ya Majilio. Nikajaribu kuiweka kwenye mashine yetu, ikakataa. Ilitaka mfumo wa biti sitini na nne, na wetu ulikuwa wa thelathini na mbili.

Kwa asiyejua, nitaeleza kama nilivyoelezwa na fundi. Kompyuta hubeba habari kwa mafungu. Ile ya zamani inabeba vipande thelathini na viwili kwa safari moja, mpya inabeba sitini na vinne, na ina meza kubwa zaidi ya kutandaza kazi zake. Mpaka hapo mpya imeshinda. Lakini mpya haizitambui kabisa programu za kale za aina ya ile ya bruda. Inakwambia programu hii haiwezi kufanya kazi hapa, wasiliana na aliyeitengeneza. Aliyeitengeneza alikuwa ameshafariki huko kwao.

Baraza la parokia likaitwa. Kukawa na chai, mandazi, na sala ndefu ya kuomba mwanga. Mwenyekiti wetu ni mzee aliyefanya kazi ya uwakala wa forodha tangu enzi za karatasi za kaboni, na mpaka leo hatoki nyumbani bila kalamu tatu mfukoni. Yeye huyo ni mmoja wa wazee wa kamati ya kuhakiki vitambulisho, na yuko kwenye bodi za shule mbili, kwa kuwa huku mtu akishaonekana anafaa kukaa kitini hapewi tena nafasi ya kusimama.

"Mimi niulize tu," akasema. "Mtu akuambie hapa kuna ekari thirty-two, na pale kuna ekari sixty-four, na bei ni moja. Utachukua gani?"

Watu wakacheka, wakajibu kwa sauti moja kwamba sitini na nne.

"Na stima?" akauliza mama wa chama cha akina mama, ambaye ndiye hununua tokeni za umeme wa parokia. "Hiyo kubwa haitakula token mara mbili?"

Katekista yeye alitaka kujua kama namba hizo ziko kwa Biblia ama ni zile mambo za Ufunuo.

Nikasimama. Niliwaambia kwamba wakiweka sitini na nne, daftari la bruda halitafunguka tena, na Wakristo wote waliomo watapotea.

"Wapotee waende wapi?" akasema Mwenyekiti. "Si wako hapa tunawaona?"

Nitakiri jambo moja. Sikuwa nawalilia Wakristo. Nilikuwa nalilia F7 yangu. Programu mpya ilikuwa nyeupe, ina picha, ina vitufe vilivyoandikwa Tafuta na Chapisha, na mtu yeyote aliyemaliza darasa la nane angeweza kuitumia. Kipya kinyemi ingawa kidonda, nikawaambia, na nikaketi kwa hasira mpaka kiti kikalia.

Fundi aliyekuwa ameitwa kutoka Busia, jamaa mwenye ndevu na begi la kompyuta alilolivaa kifuani, alikuwa anakula mandazi muda wote. Sasa akafuta vidole.

"Lakini wazee, kwani lazima muchague? Mnaweza kuwa na zote mbili kwa machine moja. Ukiwasha, inakuuliza unataka gani."

Mpakani hakuna neno tamu kama hilo. Hapa kwetu kila mtu ana laini mbili za simu, ya huku na ya kule. Wachuuzi wana mfuko wa shilingi za Kenya na mfuko wa shilingi za Uganda, na hawachanganyi hata wakiwa wamelewa. Namjua mtu ambaye ana kiti chake katika baa mbili, moja kila upande, na huzihudhuria zote. Mwenye kimoja tu tunamwonea huruma. Baraza zima likapumua kama watu waliotuliwa mzigo, na Padri alipojaribu kusema kwamba mshika mbili moja humponyoka, walimtazama kwa upole, maana yeye si mtu wa huku.

Basi fundi akafanya kazi yake siku nzima. Jioni akatuita.

"Boss, hiyo disk nimeigawanya katikati," akamwambia Mwenyekiti. "Huku ni old, huku ni new. Nimewawekea boda."

Mwenyekiti akataka kuonyeshwa hiyo boda. Fundi akamchorea mstari kwenye karatasi. Mwenyekiti akautazama kwa makini, akauliza kama pale katikati kumeachwa ardhi isiyo ya mtu, kwa kuwa alivyofahamu yeye, mpaka halali lazima uwe nayo. Fundi ni mzaliwa wa Busia, nako ni mpakani. Hakubisha. Akajibu kwamba ndiyo, mzee, nimeacha nafasi kidogo. Na kweli alikuwa ameacha.

Tangu siku hiyo, nikiwasha mashine inanionyesha mistari miwili na kunipa nusu dakika nichague. Nikinyamaza inanipeleka upande mpya. Nikiwa upande mmoja na nikataka kwenda wa pili, sharti nizime kila kitu na kuwasha upya, ningoje, nichague, ningoje tena. Kuvuka daraja kwenda kunywa soda Tororo, upande wa Uganda, kulikuwa na usumbufu mdogo kuliko huo.

Lakini tatizo kubwa lilikuwa bado. Programu ya bruda haikujua kumpa mtu mwingine alichonacho, ilikuwa bahili. Kila jina lilipaswa kusomwa upande wa zamani, linakiliwe kwenye karatasi, kisha mashine izimwe na jina liandikwe upya upande wa pili. Majina yalikuwa maelfu, na Majilio yalikuwa miezi mitatu mbele. Mwenyekiti akaniuliza katika kikao kingine nitawezaje.

Hapo ndipo nilipojiona nina akili. Programu ya bruda ilikuwa na ufundi mmoja ambao niliupenda: ukibonyeza F9 inawapanga watu kwa mahali pa kuzaliwa. Nikasimama nikasema, jamani, hatuhitaji kuhamisha kila mtu. Tuhamishe wa kwetu. Wale waliozaliwa ng'ambo wabaki thelathini na mbili. Wakija, na huwa hawaji sana, nitawatafutia huko huko. Kwa njia hiyo mpya inabaki safi, na ya zamani inabaki na kazi. Sikuongeza kwamba na mimi ningebaki na kazi.

Walinipigia makofi. Mwenyekiti alisema hiyo ndiyo busara, na ya kwamba ameona maofisi makubwa Nairobi ambayo hayana mtu wa kufikiri namna hiyo.

Padri akainua mkono. "Lakini mtu wa ng'ambo ni nani hasa?"

Watu walicheka mpaka mama mmoja akapaliwa na chai.

"Fada," Mwenyekiti akamwambia, "si wanajulikana?"

Nilifanya kazi ile kwa bidii, sitajidharau. Nilichapa asubuhi na alasiri, vidole vikavimba. Na kwa kuwa kila aliyepita ofisini aliniuliza nafanya nini, nilimweleza. Sitini na nne ni wetu, thelathini na mbili ni wale. Haikupita muda maneno yale yakatoka nje ya lango la kanisa bila mimi. Wauza maji kwenye foleni ya malori walianza kuitana hivyo. Kijana wa bodaboda akikataa kupunguza nauli aliambiwa, wewe ni thirty-two wewe, rudi kwenu. Nilisikia mwanamke sokoni akimwambia mwenzake mwenye nyanya za Uganda kwamba nyanya hizo ni thelathini na mbili, hazikai. Nilifurahi. Si kila karani anayeweza kuwapa watu neno.

Sasa nimlete Mama wa Chapati. Kila dereva wa trela anayepita Malaba anamjua, maana yeye hutembea kando ya foleni tangu asubuhi na ndoo ya chapati yenye kifuniko, anawaita madereva kwa namba za magari yao. Tunalingana umri. Alikuwa hajawahi kuwa na kitambulisho. Wazazi wake walikufa yeye akiwa mdogo, akalelewa na mjomba ambaye hakuona haja, na baadaye maisha yakaenda bila hicho. Laini yake ya simu iliandikwa kwa jina la kaka yake. Baba wa mtoto wake alikuwa dereva, na trela iliondoka.

Mtoto ndiye aliyemtoa mafichoni. Binti alikuwa Gredi ya Sita, na shule ilitaka cheti cha kuzaliwa ili asajiliwe mtihani wa taifa. Cheti hakitoki bila kitambulisho cha mama, au angalau karatasi ya kungojea kitambulisho yenye sahihi za kamati. Usajili ulikuwa unafungwa mwisho wa mwezi. Kamati ilikuwa inakaa Alhamisi, na baada ya hapo hakuna aliyejua itakaa tena lini. Alikuja kwangu Jumatano, saa kumi na nusu jioni, akiwa amevaa gauni la Jumapili.

"Yoga, dada," akanisalimu kwa Kiteso. "Nimekuja kuchukua ile barua ya ubatizo. Ya kwenda nayo kesho."

Mashine ilikuwa upande mpya. Nikaandika jina lake, nikabonyeza Tafuta. Hakuna. Nikaandika jina la baba yake. Hakuna. Nikajua mara moja.

Nikazima, nikawasha, nikachagua, tukangoja. F7, F7. Akatokea, wa kijani, amekaa kimya katika giza. Baba yake wa hapa hapa, mama yake wa hapa hapa, amebatizwa hapa hapa. Mahali pa kuzaliwa: Tororo.

Wakati ule tulipozaliwa sisi, kwa watu wa kando ya mto hospitali iliyokuwa karibu ni ile ya misheni ya ng'ambo. Wanawake walivuka wakiwa na uchungu, wakarudi na mtoto mgongoni, baada ya siku chache wakawa shambani wanapalilia mihogo. Nililijua hilo. Kila mtu katika baraza lile alilijua, labda isipokuwa Padri, na ni yeye peke yake aliyeuliza.

Ningeweza kumhamisha pale pale. Ilikuwa kazi ya robo saa: kunakili, kuzima, kuwasha, kuchapa. Lakini ilikuwa karibu saa kumi na moja, nilikuwa na sufuria ya maharagwe nyumbani, na nilikuwa nimechoka na mashine ile. Nikamtolea barua kutoka huko huko upande wa zamani, kwa ile printa ya sindano inayolia kama cherehani, kwenye karatasi yenye mashimo pembeni, kwa kuwa programu ya bruda haikuijua printa nyingine.

"Si hii iko tofauti na ya jirani yangu?" akauliza. "Yake ni nyeupe, iko na rangi na hiyo kitu ya ku-scan."

"Ni sawa tu, mama," nikamwambia. "Muhuri ni ule ule."

Alhamisi kamati ilikaa kwenye ukumbi karibu na ofisi ya chifu. Makarani wa makanisa tulikuwa tumeombwa tuwepo, iwapo kuna barua yenye swali. Nikaketi mbele kidogo nikijiona muhimu. Chifu alikuwa mtu wa haraka, anatazama saa. Wazee walikuwa watano, Mwenyekiti wetu akiwa wa katikati, kalamu zote tatu mfukoni.

Kazi ilikwenda vizuri. Niliona barua zangu nyeupe zikipita mkononi mwa Mwenyekiti, moja baada ya nyingine, na kila ilipopita alitikisa kichwa kwa ridhaa. Kijana mmoja hakuulizwa hata jina la babu. Mwenyekiti aligusa ile nembo ya rangi kwa kidole, akasema, huyu ni wetu, na sahihi zikawekwa. Moyo wangu ulijaa.

Mama wa Chapati alipoitwa, waliuliza babu yake alizikwa wapi. Akasema. Waliuliza shamba lao linapakana na nani. Akataja majirani wa pande zote nne, na mzee mmoja alipomkatiza kwamba upande wa chini ni wa fulani, akamsahihisha kwa heshima: huyo alinunua baadaye, mzee, kwanza ilikuwa ya shemeji yake. Mzee akakumbuka, akacheka. Mambo yalikuwa yamekwisha. Chifu alikuwa ameshafungua kalamu.

Ndipo Mwenyekiti akaishika barua. Akapitisha kidole gumba kwenye yale mashimo ya pembeni, polepole.

"Hii ni ya thirty-two," akasema.

"Maana yake?" Chifu akauliza.

"Hawa ni wale wa ng'ambo, Chifu. Kanisa limeshawatenga. Na angalia hapa, imeandikwa Tororo. Karani mwenyewe ni yule, muulizeni."

Mama wa Chapati hakumtazama Mwenyekiti. Alinigeukia mimi, ndoo yake tupu ikiwa miguuni, na macho yake yaliniuliza kama hili ni jambo la kweli au ni mzaha ambao hajaelezwa.

Nikasimama. Nikaanza kueleza biti. Nilisema kompyuta inabeba mafungu, kwamba thelathini na mbili ni hesabu ya mafungu na haina uhusiano na mtu kuzaliwa wapi, kwamba programu ya marehemu bruda ni ya kizamani na haikubaliki upande wa pili. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama naficha kitu.

"Ngoja," Chifu akasema. "Kwa hivyo computer inajua huyu mama si wa hapa?"

"Hapana, mzee. Kompyuta haijui kitu."

"Sasa nani alijua?"

Nilikuwa na jibu, na lilikuwa fupi: ni mimi niliyebonyeza F9. Lakini nilimwona Mwenyekiti akingoja, na nyuma yake nikaona ile miezi yote ya kupigiwa makofi.

"Ni hitilafu ya kompyuta," nikasema.

Aaah, wakasema wote kwa pamoja, na nyuso zikalegea. Mzee mmoja akasema hata benki ilimfanyia hivyo. Chifu akafunga kalamu. "Basi mletee ile ya kawaida. Sisi tunafunga kikao saa tisa. Baada ya hapo hakuna."

Ilikuwa saa nane na dakika kadhaa. Tulipanda bodaboda moja, yeye katikati, mimi nyuma na mkoba wangu, mpaka kanisani. Nikafungua ofisi, nikawasha. Stima ilikuwapo, Mungu anisamehe yote. Upande wa zamani sikuuhitaji, karatasi yenye mashimo tulikuwa nayo mkononi na kila kitu kimeandikwa. Nusu dakika ikahesabu, tukaingia sitini na nne.

Nikaanza kuchapa. Jina. Jina la baba. Jina la mama. Tarehe ya ubatizo. Yeye alisimama nyuma ya bega langu akisoma kila herufi, na nilikuwa nasikia pumzi yake. Nikafika kwenye kisanduku cha mahali pa kuzaliwa, vidole vikasimama.

Nikamuuliza, ingawa jibu lilikuwa kwenye karatasi mbele yangu. "Mahali pa kuzaliwa, mama?"

Aliitazama ile karatasi yenye mashimo.

"Mjomba alikuwa ananiambia mama yangu na mama yako walivuka siku moja," akasema. "Baiskeli mbili, wazee wanasukuma. Mimi nilizaliwa usiku, wewe ukazaliwa kesho yake. Sijui kama ni kweli."

Ilikuwa kweli. Mama yangu mwenyewe aliisimulia hadithi hiyo kila Krismasi, na mvua ilivyowanyeshea darajani. Na jina langu ndilo lililokuwa la kwanza kabisa kuingia sitini na nne, dakika ile ile fundi alipomaliza, kwa sababu nilitaka kujaribu kama programu inafanya kazi. Kwenye giza la bruda mimi pia ni wa Tororo. Upande mpya niliandika Malaba. Sikuchagua kudanganya, mkono ulijiandikia tu, kwa vile mimi nilijijua ni wa wapi.

"Ni kweli," nikamwambia.

"Basi, dada," akasema, na sauti yake haikuwa na ukali wowote, "niandikie ile uliandika yako."

Nikaandika Malaba. Printa mpya haina kelele. Karatasi ilitoka nyeupe, nembo ya rangi juu, kile kisanduku cha nukta chini. Nikapiga muhuri. Ulikaa upande, lakini hakulalamika.

Tulifika zikiwa zimebaki dakika chache, Chifu ameshavaa koti. Mwenyekiti aliipokea barua, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaikagua juu mpaka chini, akaipitisha kwa wenzake. "Hii ndiyo barua," akasema. "Mnaona? Niliwaambia sixty-four haina shida." Wakacheka, na Mama wa Chapati akacheka nao, kwa sababu sahihi ya tatu ilikuwa bado haijawekwa. Zikawekwa zote. Karatasi ile ilikuwa na uongo mahali pamoja tu, na Mwenyekiti aliuwekea kidole alipokuwa akisema karibu nyumbani, mama. Ile yenye mashimo, waliyoikataa, haikuwa na uongo hata mmoja.